Eti "yatima gani huyu amepaka mafuta?" Nakuru nisikizeni leo

Makomredi, niko kwa ngazi za saiba hapa mjini, mikono bado inatetemeka, kwa hivyo mkiona nimekosea tahajia nyamazeni.

Nimetoka kwa ile ofisi. Ile ya basari. Mnaijua, ya mlango wa bluu usiofunguka wote, foleni yake inaanzia kwa muuza miwa. Na yeye mnamjua. Wa sweta. Sitaji jina, mimi si mjinga, fomu yangu amebaki nayo. Lakini kama umewahi kutafuta pesa ya shule katika mji huu, huyo mtu amewahi kukuangalia kama umekuja kumuuzia soksi.

Nimefika saa kumi na moja alfajiri, nikapata watu arobaini wamenitangulia, wengine nadhani walizaliwa hapo hapo kwa foleni. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja ninaamini alikuwa anafuatilia basari ya 1987. Saa tano na nusu ndio nimefika dirishani. Nikatoa kila kitu: barua ya kuitwa chuo, karatasi ya ada, kitambulisho, barua ya chifu (muhuri wenyewe nimeungoja siku tatu, chifu yuko mkutanoni, chifu ametoka, chifu amekula), sahihi ya pasta, cheti cha kifo cha baba, cheti cha kifo cha mama. Nikaongeza na cha shosho, nyanya yangu, ambacho hakuna aliyekiuliza, lakini nilisema bora waone hata akiba sina.

Jamaa akachukua. Akasoma. Akanipima kutoka kwa viatu hadi kwa nywele. Halafu akasema, kwa sauti ya kondakta wa stendi:

"Yatima gani huyu amepaka mafuta?"

Foleni ikacheka. FOLENI IKACHEKA. Yule mzee wa 1987 alicheka mpaka akashika ukuta.

Mafuta, jamani! Mji wenyewe huu, jina lake linatokana na neno la Wamaasai la vumbi. Ukitembea kutoka Kaptembwo hadi mjini unafika ukifanana na chapati kabla ya kuchomwa. Shosho alinilea akiniambia huingii ofisi ya serikali na miguu ya kijivu. Kumbe shosho ndiye aliyeninyima basari. Kumbe ningefika nimepauka, midomo imepasuka, na nzi wawili wa kukodi hapa machoni, ndio iaminike kwamba mama alikufa.

Na si mafuta ya maana. Ni yale ya kukamulia, ya chuchu za ng'ombe, mkebe wa shilingi hamsini. Ng'ombe hajawahi kuulizwa ni yatima gani.

Mjue pia siombi pesa ya gari. Ule mfumo wa 2023 wa kufadhili wanafunzi wa chuo, unaotupanga kwa bendi kulingana na umaskini, uliniweka bendi ya tatu: asilimia 50 serikali inanidhamini, 30 ni mkopo, 20 inalipwa na "familia". Ada yangu ni 150,000 kwa mwaka. Kwa hivyo kuna elfu thelathini inayongoja familia. Familia ni mimi. Jana usiku nimeitisha kikao cha familia, nimehudhuria peke yangu, hoja ikaanguka. Na hata ningewekwa bendi ya kwanza, ya hohehahe kabisa, bado kuna asilimia 5 ya familia. Yaani hapo juu kuna mtu aliyekaa na kikokotoo na hakuwaza kwamba kuna nyumba ambazo ukibisha hodi hakuna wa kuitikia.

Baada ya kucheka, akaniambia nirudi na mzazi aje aweke sahihi. Makomredi, cheti cha kifo cha mama kilikuwa mkono wake wa kushoto. Mandazi ilikuwa mkono wa kulia. Na ananiambia nimlete mama.

Lakini hiyo nasamehe, huo ni ukarani. Ile ya mafuta sisamehi. Yatima gani amepaka mafuta. Kwani tuko wa aina ngapi? Tuna sare?

---

Bendi ya Tano: Wa sweta!! Mimi aliniuliza kama baba alikufa "kabisa".

Chapo Mbili: Pole kaka. Lakini kabla hatujaendelea, hayo mafuta ya ng'ombe kweli yanang'aa hadi mtu anakuona kupitia dirisha lenye waya?

Mama Pendo Njoro: Mwanangu pole sana. Huku kwetu na hii baridi usipopaka ngozi inakatika kama gome la mti. Huyo karani hana mama?

Bendi ya Tano: Anaye mama. Ndiye anayemkatia watu foleni.

Sheria Ndogo: Unalia bure. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba huo mfumo unakiuka katiba. Kwa hivyo hiyo bendi yako ya tatu haipo.

Komredi wa Baridi: @Sheria Ndogo na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hiyo hukumu. Bendi ipo. Elfu thelathini ipo. Wewe ndiye haupo.

Sheria Ndogo: Nasomea sheria mwaka wa pili.

Komredi wa Baridi: Inaonekana.

Nyalenda Juu: Nyinyi wa Nakuru mnalia kuchekwa dakika mbili? Njooni Kisumu. Fomu ya HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ilitaka wadhamini wawili. Mmoja nikampata, mjomba wa Kondele. Aliweka sahihi moja tu, ndogo, hata haisomeki, na tangu siku hiyo mimi ni mali yake. Kila Jumamosi naosha pikipiki. Krismasi nilichuna kuku kumi na wawili. Nikichelewa anasema, "Na kumbuka nimekudhamini." Heri uchekwe mara moja yaishe.

Chapo Mbili: Mdhamini wa pili alikuwa nani?

Nyalenda Juu: Mke wake. Kwa hivyo pia naosha vyombo.

Nilimaliza 2014: Watoto, mnapigania kuingia shimo mimi natafuta ngazi ya kutoka. Riba ya asilimia 4 ya mkopo wa HELB nikaona ni kitu kidogo. Ajira hakuna, nikanyamaza, nao wakanyamaza. Kumbe wao wananyamaza wakiandika: faini ya 5,000 kila mwezi usiolipa. Siku nilipata kazi nilipigiwa simu kabla hata sijaonyeshwa meza yangu. Mama mzazi hakujua nimeajiriwa. HELB ilijua.

Bendi ya Tano: 😂😂 Wangekuwa wanatoa pesa kwa kasi hiyo hiyo.

Fundi Simu: Hii habari ni ndefu. Mtu afupishe.

Komredi wa Baridi: Kijana anang'aa, amenyimwa pesa.

Mwenye uzi: Sijanyimwa, nimeambiwa nimlete mama. Na hamjashika uzito wa jambo. ALISEMA KWA SAUTI. Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa letu pale nyuma. Sasa chuoni nitaitwa Mafuta hadi nihitimu.

Fundi Simu: Pole Mafuta.

Bendi ya Tano: Mafuta usilie, utapauka.

Foleni ya Nyuma: Kijana, mimi ndiye huyo mzee wa 1987 unayemsema. Nimezaliwa 1984. Mwaka 1987 nilikuwa nakunywa uji. Nilikuja kwa ajili ya mtoto wa marehemu dada yangu, naye ni mwaka wa tatu kufuatilia hiyo hiyo pesa. Nilicheka kwa sababu ulikuwa unang'aa kweli, jua lilikuwa limekupiga upande mmoja. Samahani. Halafu kalamu yako niliyoazima bado ninayo.

Mwenye uzi: Mzee wangu shikamoo. Nilikuwa natafuta hiyo kalamu. Ni ya rangi mbili.

Foleni ya Nyuma: Marahaba. Upande wa bluu umeisha.

Mwenye uzi: ULIKUWA UMEJAA.

Foleni ya Nyuma: Fomu ni kurasa nyingi, mwanangu.

Lurambi Mmoja: Mambo ya kalamu yasikizeni kwetu Kakamega. Niliazima kalamu kwa askari wa lango, nikaisahau mfukoni, akanizuia kuingia kwenye mtihani mpaka nirudishe.

Mama Pendo Njoro: Na basari ya kaunti, mwanangu, umejaribu?

Komredi wa Baridi: Mama, tangu Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aambie kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu, hiyo nayo ni kesi na barua. Ukiuliza huku unatumwa kule, kule unatumwa huku. Kijana atapaka mafuta mikebe mitatu kabla apate jibu.

Mwenye uzi: Mpya: nimetoa vyeti kwa bahasha nivipange. Cha mama kina doa. Mafuta ya mandazi. Duara, kubwa kama sarafu ya shilingi kumi, karatasi hapo imekuwa kama kioo, nikiinua kwa jua naona kidole changu upande wa pili. Liko pale pameandikwa chanzo cha kifo. Alishika ile ya asili, alisema nakala haimridhishi.

Nyalenda Juu: Nyunyizia unga kidogo, weka karatasi juu, kandamiza usiku kucha. Mke wa mjomba amenifundisha mengi.

Chapo Mbili: Unga wa ugali au wa ngano?

Nyalenda Juu: Ugali. Ngano inashika.

Mama Pendo Njoro: Poda ya mtoto ni bora kuliko unga. Unga unaleta mende.

Fundi Simu: Mende wa hosteli hawangoji unga. Wetu walikula gundi ya kitabu cha fizikia, jalada likabaki peke yake.

Lurambi Mmoja: Mende ni nafuu. Mwenye nyumba wetu amepandisha kodi mwezi huu kwa sababu "ameweka bomba". Bomba ameweka kweli. Maji hajaweka.

Bendi ya Tano: Wetu aliweka tangi, halafu akaweka kufuli kwa tangi.

Mwenye uzi: Jamani tulikuwa tunaongea kuhusu yule wa sweta.

Bendi ya Tano: Tumemaliza huyo. @Lurambi Mmoja, mnalipa ngapi huko?

Lurambi Mmoja: Elfu tatu na mia tano, choo cha nje, tunatumia watu kumi na mmoja. Asubuhi tunapanga foleni kama ya Mafuta.

Nilimaliza 2014: Enzi zetu kwa hiyo bei ulipata na dirisha.

Mwenye uzi: Dirisha linafunguliwa tena saa nane. Mzee wa kalamu amesema atasimama na mimi aweke sahihi pale pa mlezi, ikikataa ikatae. Kuna mtu anajua hapa karibu na stendi mahali penye maji? Nataka kuosha uso.

Fundi Simu: Maji? Mjini? Leo?

Komredi wa Baridi: Huku kwetu yalikatika Jumapili.

Bendi ya Tano: Jumapili ipi, maana huku ni ile iliyopita nyingine.

Lurambi Mmoja: Si niliwaambia kuhusu bomba.