Tupeane uzoefu: kupanga likizo ya villa Lanzarote, msimu gani na nyumba ipi

Wakuu, habari za humu. Vuli ikishaanza hapa Uingereza, ndugu huanza kuulizana watoto watapelekwa wapi wakaote jua, na wengi tunaishia kukodi villa (nyumba nzima ya likizo) Lanzarote, kisiwa cha Hispania katika Visiwa vya Kanari, kilichoko kilomita kama 130 tu kutoka pwani ya Moroko. Mliokwenda, naomba mtueleze mlivyopanga.

Mimi naanza na hili: chagueni msimu kwanza, nyumba baadaye. Watu huona picha ya bwawa la kuogelea, wanalipa, ndipo wanauliza hali ya hewa. Januari mchana ni nyuzi 20 au 21 na jua lipo, lakini bwawa lisilopashwa joto watoto hawatakaa ndani. Kupasha maji mara nyingi hulipiwa kando, kwa hiyo ulizeni gharama hiyo kabla ya kulinganisha nyumba. Ulizeni pia yanapashwa kwa umeme au kwa jua, na hadi nyuzi ngapi.

Mpemba wa Leicester
Umesema kweli mkuu. Sisi chaguo letu ni Oktoba, watoto wakifunga nusu muhula. Bahari imehifadhi joto la kiangazi, nyuzi 22 hivi, wakati Februari na Machi inashuka hadi 18 au 19.

Tena kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi: upepo. Kule huvuma upepo wa kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima. Ungesema ni kaskazi yetu, ila wao huwashukia kwa nguvu Juni hadi Agosti. Ndio unaofanya joto lisizidi, lakini uani kama hakuna ukuta wa kuukinga, meza ya nje haikaliki. Playa Blanca na Puerto del Carmen zimekingika kiasi. Costa Teguise unaingia waziwazi, ndiyo maana wachezaji wa ubao wa tanga wanapapenda. Kabla ya kulipa muombeni mwenye nyumba picha ya ua mzima, si bwawa peke yake.

Chakula hakina shida. Arrecife, mji mkuu, wanaishi Wamoroko wengi na nyama ya halali inapatikana. Samaki wao mashuhuri, vieja, ni jamii ya pono. Jiko la villa unalo, nazi ya kopo umebeba, mchuzi huo.

Binti Mombasa
Mimi nasemea viza, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Hispania. Ukiwa na pasi ya Kenya au Tanzania unahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Hispania na Ujerumani zikiwemo, hata kama watoto wako wana pasi za Uingereza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Nafasi za miadi huwa finyu kuelekea Pasaka na Desemba, kwa hiyo tafuta miadi mapema kuliko unavyotafuta ndege.

Villa chukueni ile unayoweza kuifuta bila kukatwa. Shoga yangu alilipia wiki nzima, viza ikachelewa, na wakala akagoma kurudisha hata nusu. Iliniuma sana, zilikuwa akiba zake za mwaka.

Mwana wa Tanga, Hamburg
Sisi wenye kibali cha Ujerumani viza hiyo hatuihitaji. Ila msichanganye Lanzarote na Mallorca, kisiwa kingine cha Hispania. Mallorca ni ya Mei hadi Oktoba. Baridi ikiingia, hoteli na mikahawa mingi ya ufukweni hufungwa. Lanzarote haifungi.

Mama Salma
Na mwenye mzazi mtu mzima afanyeje? Mama yangu magoti yanamsumbua.

Mpemba wa Leicester
Mpeleke dada, atafurahi. Nyumba nyingi kule ni za chini, nyeupe. Msanii wao César Manrique, aliyefariki 1992, alipigania sana kisiwa kisijazwe maghorofa. Timanfaya, kwenye milima ya moto iliyolipuka 1730 hadi 1736, wageni huzungushwa kwa basi, hivyo ataona kila kitu akiwa amekaa. Wahini asubuhi, foleni ya magari huwa ndefu. Gari kodini pamoja na nyumba, villa nyingi ziko mbali na maduka.

Binti Mombasa
Nyongeza: muombeni mwenye nyumba namba ya usajili. Nyumba za likizo Visiwa vya Kanari husajiliwa kwa namba inayoanza na VV. Akiwaomba taarifa za pasi za wageni msishtuke, sheria ya Hispania inamtaka aziwasilishe serikalini. Akikosa namba na akataka mtume pesa moja kwa moja benki, tafuteni nyumba nyingine.