Acheni kutuletea Malbec ya moto!

Wakuu, leo nimechoka na nitasema. Mtu anajitoa, analipa hela yake, anaagiza Malbec akitaka kuijua hii zabibu inayosifiwa kila kona ya dunia, na anacholetewa ni kinywaji cha uvuguvugu kinachochoma pua kama spiriti. Anakunywa nusu, anakunja uso, anaondoka akisema mvinyo mwekundu hauwezi. Kosa si lake wala si la mvinyo. Kosa ni la aliyeutunza vibaya na aliyeumimina.

Kilichonipandisha hasira ni hiki. Kuna mgahawa sitautaja, niliagiza Malbec ya Valle de Uco, bonde lililo mkoa wa Mendoza huko Argentina. Chupa ikashushwa kutoka kwenye rafu iliyo juu ya mashine ya kahawa, imesimama wima, taa inaimulika. Nilipoishika shingo nikaikuta ina joto kabisa. Nikaomba kwa heshima iwekwe kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 10 tu. Mhudumu akanijibu mbele ya wenzangu kwamba mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye barafu, hiyo ni ya mweupe. Halafu akajaza glasi mpaka ukingoni, haikubaki hata nafasi ya kuuzungusha. Nikanusa: pombe tupu. Ile harufu ya maua ya urujuani inayowafanya watu waipende Valle de Uco haikuwepo. Plamu haikuwepo. Na hela ikalipwa ile ile.

Jamani, kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ilitoka kwenye nchi za baridi, enzi za nyumba za mawe zisizo na vipasha joto. Chumba cha aina hiyo kilikuwa na nyuzi 16, sana sana 18. Na hapo ndipo Malbec inapopataka, kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi. Chumba chako chenye nyuzi 27 hakihusiki kabisa na kanuni hiyo! Malbec nyingi za Argentina zina kilevi cha asilimia 13.5 hadi 14.5, nyingine zinagusa 15. Ukiuacha mvinyo kama huo upate joto, kilevi ndicho kinachotangulia puani na kufunika kila kitu. Tunda linaonja kama jamu iliyoungulia, na ule uchachu unaomfanya mtu atamani funda la pili hausikiki tena.

Wala sisemi iwe baridi kama soda. Ukiitoa kwenye friji na kuimimina papo hapo, harufu inakuwa imejifungia na tanini, ule ukakasi utokao kwenye ganda na mbegu za zabibu, zinakausha ulimi, utadhani umetafuna ganda la tunda bichi. Nasema ipoe. Nusu saa hadi dakika 45 kwenye friji, au dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya barafu kama imetoka mahali pa joto. Basi. Hakuna mashine ya kununua, hakuna kozi ya kusomea.

Kinachoniuma zaidi ni nikimfikiria mkulima. Mendoza ni eneo kame chini ya milima ya Andes, mvua yake ni kama milimita 200 kwa mwaka, na mizabibu inanyweshwa kwa maji ya theluji iliyoyeyuka mlimani. Msimu wa mvua ya mawe unaweza kulipukutisha shamba zima, ndiyo maana mashamba mengi yamefunikwa nyavu. Luján de Cuyo, eneo la zamani la mizabibu huko Mendoza lenye heshima yake, liko kwenye mita 900 hadi 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hawakutosheka. Mwaka 1992 familia ya Catena, watengenezaji wa mvinyo, ilipanda mizabibu Gualtallary, huko Tupungato ndani ya Valle de Uco, karibu na mita 1,450, mahali ambapo wengi waliona ni baridi mno kwa zabibu nyekundu kuiva. Huko Salta, kaskazini mwa Argentina, kuna mashamba yaliyopita mita 3,000. Wanatafuta nini juu huko? Baridi! Jua kali la mchana linanenepesha ganda la zabibu na kukoleza ile rangi ya zambarau, kisha ubaridi wa usiku unatunza uchachu na harufu ya maua. Mtu anapanda mlima na shamba lake kufuata baridi, anahangaika miaka mpaka mizabibu izae, halafu wewe unakuja kuiweka chupa yake juu ya mashine ya kahawa. Inaudhi sana.

Halafu kuna hawa wauzaji wa "Malbec ni Malbec tu". Unamuuliza hii ni ya wapi, anakwambia ni ya Argentina, ni nzito, inafaa na nyama. Argentina ipi? Chupa ya Luján de Cuyo mara nyingi ina tunda lililoiva vizuri na ulaini unaompokea hata mgeni. Ya Gualtallary imekaza, ina uchangamfu wa uchachu na harufu ya maua. Anayeanza akipewa hizo mbili mfululizo, ataelewa zabibu hii kuliko kwa kusomewa sifa za kwenye lebo ya nyuma. Lakini muuzaji hajasoma hata lebo ya mbele.

Na Cahors je? Nimemsikia kwa masikio yangu muuzaji akimwambia mteja kwamba chupa ya Cahors "siyo Malbec, ni ya Ufaransa". Nilitetemeka kwa hasira. Cahors ndiko nyumbani kwa zabibu hii, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na wenyewe huko wanaiita Côt. Sheria ya eneo hilo, lililopewa mwaka 1971 hadhi ya AOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria Ufaransa, inataka mvinyo uwe na Malbec isiyopungua asilimia 70. Chupa nyingi huandikwa jina la eneo kwa herufi kubwa, jina la zabibu mtu anatakiwa alijue. Argentina iliipata kupitia mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliyefika Mendoza mwaka 1853 kwa juhudi za Domingo Faustino Sarmiento, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi hiyo. Ile baridi kali ya mwaka 1956 iliua mizabibu mingi ya Malbec kule Bordeaux, eneo jingine la mvinyo Ufaransa, na wakulima wengi hawakuirudisha tena. Sasa muuzaji anayeificha Cahors rafu ya chini anamnyima mteja nusu ya hadithi, tena nusu yenye tanini ngumu, uchachu na ladha ya udongo, ambayo kuna watu wangeipenda kuliko ile ya Mendoza.

Mvinyo unaouzwa kwa glasi moja moja sitausema sana. Chupa imefunguliwa Ijumaa, imebaki kaunta bila kizibo cha maana, Jumanne unauziwa kama mpya. Huo ni wizi.

Najua watakuja watu kusema wateja wenyewe hawalalamiki. Hawalalamiki kwa sababu wameaminishwa kuwa ndivyo Malbec ilivyo! Kwa hiyo ombi langu kwa kila mdau: ukiletewa chupa ya moto, omba ndoo ya barafu, na ukikataliwa, irudishe kabla kizibo hakijang'oka. Na anayeona nakuza mambo, achukue chupa moja ya Malbec, amimine glasi mbili, moja ikae mezani palipo na joto, nyingine kwenye friji nusu saa. Anywe moja baada ya nyingine, kisha arudi hapa aandike ipi aliimaliza.