Upinde wa mtoto wa Kihadzabe na upinde wa baba yake, wanavukaje kutoka huu kwenda ule?

Chalii_wa_Sombetini

Habari za jioni wadau. Mimi ni dereva wa utalii hapa Arusha na wiki iliyopita nimepata aibu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya mwenyewe ndani ya gari.

Nilipeleka wageni wawili Mang'ola, kule ziwa Eyasi kwa Wahadzabe. Tumetoka Karatu saa kumi na moja alfajiri maana wale jamaa wanatoka kuwinda mapema, ukizubaa unakuta moto na wazee tu. Tumefika pale kuna dogo, miaka mitano sidhani kama kafikisha, kamasi hizo, ana kaupinde kake kadogo na vimshale vya mti mtupu, havina chuma wala nini. Kazi yake ni kupiga kibuyu kilichopasuka kimetupwa vumbini. Anapiga, anakimbilia mshale, anarudi palepale, anapiga tena. Nusu saa nzima na hakuna mtu anayemwambia umekosea au umepatia.

Sasa mimi kiherehere, nikaomba upinde wa baba yake nipige nao picha kama mtaalamu. Aisee. Ujana wangu wote nimebeba magunia pale soko la Kilombero, kifua ninacho, lakini ule uzi nilivuta haukufika hata nusu, mikono inatetemeka kama mwenye homa, dogo akacheka mpaka akakaa chini. Baba yake akauchukua akauvuta kama mtu anasogeza pazia. Na ni mwembamba yule, mimi namzidi kilo kama ishirini.

Swali langu ni hili, kati ya kale ka dogo na ule wa mshua wake kuna hatua ngapi hapo katikati? Nani anamtengenezea? Chuma anapewa lini na sumu anapewa lini? Wageni waliniuliza njia nzima ya kurudi na mimi niliwapa majibu ya dereva, yaani nilitunga.

La pili, nina kijana wangu wa miaka 9, tangu nimsimulie hiyo stori anataka manati. Nimtengenezee au nimnunulie mpira?

Bongonyo

Mkuu ulikuwa unavuta kwa mkono au kwa hasira? 😂😂

Kitunguu_Maji

Chalii, mimi nimekulia Mang'ola, dingi alikuwa analima vitunguu kule na wale watoto tumecheza nao, kwa hiyo ngoja nikupe ninayoyajua uache kuwatungia wageni wa watu.

Kaupinde ka kwanza dogo anapewa akiwa na miaka kama mitatu hivi, hata kuongea hajanyooka. Anamtengenezea baba au kaka au yeyote mkubwa aliyeko karibu, siyo jambo la sherehe. Ukivunjika au akiuzidi kimo anapata mwingine, mnene kidogo na mrefu kidogo, basi inaenda hivyo hivyo, kama viatu vya shule tu. Kwa hiyo hizo hatua ulizouliza hazihesabiki. Akifika umri wa kushika kisu vizuri anaanza kujichongea mwenyewe na hapo ndio utaona vichekesho, mishale imepinda kama nyoka. Mshale unanyooshwa kwa moto na meno, unaupasha, unaung'ata pale penye kona huku umefumba jicho moja unauangalia kwa urefu, unapasha tena. Mtu mzima anakaa nusu siku na mshale mmoja. Dogo hana huo uvumilivu, anang'ata mara mbili anaenda kupiga mjusi.

Na anaanza na hao hao, mijusi, panya, vindege. Wakiwa wanne watano wanaingia kwenye mawe kutafuta pimbi, wakipata wanachoma palepale wanakula, nyumbani wanarudi wameshiba midomo ina masizi. Mti mtupu uliochongwa ncha unatosha kwa vitu hivyo, na hata wakubwa bado wanatembea nayo hiyo kwa ajili ya ndege, huwezi kupoteza chuma kwa kanga.

Chuma ni misumari. Wanagonga wenyewe juu ya jiwe, au wanaenda kwa mafundi wa Kimang'ati, wale wanaofua vyuma, wanabadilishana kwa asali au nyama, siku hizi na hela za watalii. Manyoya ya nyuma ya mshale ni ya kanga au tai, uzi wa upinde ni mshipa wa mnyama umesokotwa. Upinde wa mtu mzima ule uliokuaibisha unataka nguvu ya kilo 30 na ushee kuuvuta mpaka mwisho. Chukua ndoo ya lita 20 imejaa, ongeza na nusu ndoo, uinyanyue kwa vidole, halafu utulie hapo ulenge. Magunia ya Kilombero unabeba kwa mgongo kaka, ule ni mgongo mwingine.

Sumu ndio ya mwisho. Ni utomvu wa ule mti mnene chini wenye maua ya pinki, huko Arusha watu wanaupanda kwenye vyungu getini kama urembo, waridi la jangwa. Kuna nyingine inatoka kwenye mbegu za mmea wa aina ya Strophanthus. Zote zinasimamisha moyo, kwa hiyo mtoto anayekimbia na mishale mkononi anajikata kila siku huwezi kumpa. Anapewa akishakuwa kijana, akili imetulia. Mnyama akishapigwa, nyama ya pale penye jeraha inakatwa inatupwa, nyingine inaliwa bila shida.

Halafu kuna kitu kinaitwa epeme, kijana akishaangusha mnyama mkubwa anaingia kwa wanaume, kuna sehemu za nyama wanakula wao tu, wanawake na watoto hawasogei. Hayo mengine siyo ya kuandika huku, wenyewe hawapendi.

Ticha_Usa_River

Kitunguu umemaliza kila kitu, niongeze kidogo kwa upande wa vitabu maana nilisomea mambo haya chuo.

Watu wengi tunaamini kwamba yule dogo akipiga kibuyu miaka kumi mfululizo ndio anakuwa fundi, yaani mazoezi ndio kila kitu. Sasa kuna utafiti ulitoka 2002 uliofanywa hapo hapo kwa Wahadzabe, wakachukua waliopotelea shule za bweni miaka kadhaa na waliobaki porini, wakawashindanisha kulenga shabaha, kupanda miti, kuchimba mizizi. Waliotoka bweni hawakuachwa nyuma kama mnavyofikiria. Wakubwa waliwazidi wadogo sana lakini shule haikuonekana kuwaharibia. Mwili unaokua ndio unabeba sehemu kubwa, mkono ukiongezeka nguvu na upinde unaongezeka, mshale unaenda umenyooka na unafika mbali.

Ila kuna mwingine wa 2020, huo ulikusanya jamii 40 duniani, wawindaji zaidi ya 1,800 na rekodi zaidi ya 23,000 za safari zao, wakaona kwamba kwa wastani mwindaji anafika kileleni akiwa na miaka 30 mpaka 35. Kijana wa miaka 18 anakuwa na kama asilimia 89 ya uwezo huo. Mtu wa 25 ana nguvu zote, sasa hiyo inayobaki kuongezeka mpaka 30 na kitu ni nini? Hapo ndio pa kujiuliza.

Kitunguu_Maji

Ticha nakuheshimu ila hao wa 2002 walishindanisha kulenga. Kibuyu hakina pua.

Nakueleza nilichokiona, nilikuwa na miaka 15, nikaomba kwenda na kaka wa rafiki yangu, mtu mzima mwenye watoto wawili. Tumetembea kuanzia giza. Kila baada ya muda anachota vumbi anaachia lidondoke aone upepo unalipeleka wapi, haongei, mimi nafuata nyuma nakanyaga anapokanyaga. Tukaona swala mbali wanakula. Mimi kwa akili yangu nikajua sasa tunanyemelea kwenda mbele. Yeye akarudi nyuma! Tukazunguka kilima chote karibu saa nzima, jua limeshapanda, nikajua ameghairi. Tulipotokea upande wa pili upepo unatupiga usoni na wale swala wanakuja wenyewe kuelekea tulipo, kwa sababu alijua kivuli chao cha saa nne kiko wapi. Akapiga akiwa kama kutoka goli mpaka nje ya boksi, siyo zaidi. Ukamwingia ubavuni, akaruka akaondoka na wenzake.

Nikataka kukimbiza. Akanishika shati akaniambia kaa chini. Tukakaa, akawasha moto, akavuta sigara yake. Ukikimbiza mnyama mwenye sumu anakimbia mbali zaidi na wewe ndio utakayebeba nyama hiyo njia yote kurudi, au fisi watakusaidia. Baadaye ndio tukafuata nyayo, na pale penye mawe ambapo mimi sioni kitu kabisa yeye anaangalia majani yaliyogeuka upande. Tulimkuta amelala chini ya mgunga.

Ule mshale hata mdogo wake wa miaka 17 angeupiga, upinde walikuwa wanalingana. Kurudi nyuma ndio asingeweza, angewakimbilia kama mimi.

Ticha_Usa_River

Hapo umenibana, sibishi. Hiyo ya kurudi nyuma nadhani ndio zile asilimia 11 zinazobaki.

Mama_Kibosho

Jamani swali la manati limeachwa, mwanangu Chalii usimpe mtoto mpira wakati ameomba manati.

Nimelelewa na kaka watano mgombani Kibosho na mimi manati nilikuwa napiga, mama akiniona ananichapa, kaka wakinikosa kwenye msafara wanalalamika. Tafuta panda ya mpera, siyo ya mparachichi inavunjika. Iwe mbichi, zile pembe mbili zifunge kwa kamba zikaribiane kidogo halafu ining'inize juu ya mafiga wiki mbili, moshi unaikausha inakuwa ngumu kama mfupa. Kama unatumia gesi shauri yako. Mpira wa mtoto wa miaka 9 ni wa chubu ya baiskeli, ukate mwembamba upana wa kidole, usimwekee wa tairi la gari, atavuta kwa mwili mzima na jiwe litamrudia kwenye gumba. Urefu wake umpime mwenyewe, akinyoosha mkono wenye panda mpira ufike shavuni ukiwa umevutika vizuri, ukizidi hapo ni wa mtu mwingine. Kila mwaka kaka yangu mkubwa alikuwa anatukatia mpira upya, mnene kidogo kuliko wa jana, na siku alipoukata wa tairi akampa wa pili kutoka juu, yule kijana alilala nao. Kangozi ka kuwekea jiwe ni ulimi wa kiatu kibovu.

Mawe msitumie ya barabarani. Udongo wa mfinyanzi, viringisha kama goroli, anika. Linaenda limenyooka, jiwe lenye kona linapinda njiani. Sisi tulianza na makopo juu ya uzio, kisha kuzumburu waliokuwa wanamaliza mapapai ya bibi, na sheria ya nyumbani ilikuwa moja tu, ukiua unamnyonyoa unamla. Kaka mmoja alipiga kinyonga kwa ubishi wake, babu akamwambia haya, kaanga. Hakurudia.

Babu mwenyewe alikuwa mtu wa mitego ya pimbi huko juu msituni. Usiku tukisikia wanapiga kelele kama mlango mbovu anatuambia hao wanasema wako wangapi. Siku hizi huko msituni ni hifadhi, ukivuka ule ukanda wa nusu maili tu KINAPA, yaani wale wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, wanakusubiri.

Raia_Mwema_Majengo

Msisahau Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Kuwinda bila kibali ni kosa, na ndege nao wamo. Dogo apige makopo.

Bongonyo

Na vioo vya jirani vina sheria yake. Niulizeni mimi, nililipa nikiwa darasa la nne, kwa mgongo.

Chalii_wa_Sombetini

Wadau nawashukuru sana. Mama shikamoo, panda ya mpera nimeikata kwa jirani hapa Sombetini na nimeining'iniza jikoni kwa dada mmoja anayeuza chipsi, ana moshi wa kutosha. Dogo anaenda kuiangalia kila akitoka shule anauliza imekauka, nimemwambia bado. Makopo ameshapanga ishirini na mbili.

Kitunguu, kumbe wale wazee niliowakuta wamekaa kwenye moto sikuwa nimechelewa, mmoja alikuwa ananyoosha mshale kwa meno na mimi nikawaambia wageni ana maumivu ya jino. Mungu anisamehe.

Jumamosi narudi tena na wageni wengine. Misumari nimeweka kilo moja kwenye buti, ila ule upinde siugusi.