Mjenzi mwenye leseni Michigan akikudanganya, sheria ya mlaji haimgusi?

mama_wawili: Wana Michigan naombeni msaada. Mkandarasi katujengea nyumba hapa Grand Rapids, akatuhakikishia besimenti imezibwa maji haingii, mvua kubwa ya kwanza tu zulia likalowa chapachapa, ukikanyaga maji yanatoka katikati ya vidole. Loya ananiambia sheria ya kumlinda mlaji haimgusi kwa sababu ana leseni ya jimbo. Yaani leseni ndo inamkinga yeye? Mi nilijua ni ya kunilinda mimi!

Kaka Shabani: Pole sana dada. Loya yuko sahihi. Hiyo sheria ya 1976 inasamehe shughuli iliyoruhusiwa na bodi au ofisa wa serikali, sasa 1999 Mahakama ya Juu ya jimbo kwenye kesi ya Smith na Globe Life ikasema hawaangalii kama ule uongo umeruhusiwa, wanaangalia kama biashara yenyewe kwa ujumla imeruhusiwa, na 2007 kesi ya Liss ikawaingiza wajenzi wa nyumba. Kwangu mimi huo ni uonevu kabisa.

mzee_wa_chicago: Huku Illinois nako 2005 Philip Morris waliponea hivyohivyo kwenye sigara za "light", hukumu ya dola bilioni 10.1 ikafutwa.

Kaka Shabani: Ila dada usikate tamaa, kuvunja mkataba na ulaghai wa kawaida bado unaweza kumshtaki. Na peleka malalamiko LARA mapema, wanaotoa leseni, una miezi 18 tu tangu mhamie. Piga picha hilo zulia kabla halijakauka.