Vinia za kauri au za resini? Ijumaa natakiwa kutoa jibu

Jino_Pembe: Wakuu, habari za mchana. Daktari wa meno kanipa chaguo mbili za vinia, vile vigamba vyembamba vya kubandika usoni mwa meno ya mbele: kauri au resini (ile ya plastiki ya kuzibia meno). Kauri bei imechangamka, resini ina nafuu. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Msumari: Meno mangapi? Yana nini? Fizi zikoje? Au tukupigie ramli?

MamaPacha: Chukua kauri umalize kazi. Zangu zina mwaka wa 11, kahawa nakunywa kila siku na rangi ni ileile. Resini hunywa rangi, miaka 5 mpaka 7 umerudi kwenye kiti.

Fundi_Makini: Resini mnaionea bure. Inajengwa mdomoni siku hiyohiyo, mara nyingi bila kuchonga jino, na ikimeguka inazibwa palepale. Kauri wanakukwangua kama nusu milimita ya enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, na enameli haioti tena. Ukianza, ni vinia mpaka uzeeni.

Bahari7: Si ndizo zile meno yanachongwa yanabaki vijiti?

Fundi_Makini: Hizo ni kofia, zinafunika jino zima. Vinia inabandikwa usoni mwa jino tu. Shida wapo wanaokuahidi vinia halafu wanakuwekea kofia.

Tulizana: Ngojeni niwape yangu. Nilitaka meno meupe tu, basi. Nikawekewa 8 za juu, bila hata kuonyeshwa mfano wa kujaribishia mdomoni. Aliyechonga akapita enameli akaingia kwenye dentini, tabaka la ndani yake. Wiki mbili nikakaa na zile za muda, nikivuta hewa kwa mdomo naona nyota. Zikaja za kudumu. Haijatimia miezi 3 napiga mswaki, nasikia "ting!" kwenye sinki, nikaliziba tundu kwa kiganja huku povu limejaa mdomoni. Ya pili ikafuata. Daktari mwingine ndiye aliyenieleza kwamba gundi hushika sawasawa kwenye enameli, kwenye dentini inasuasua. Na juu ni meupe kama vigae vya bafuni, chini njano yangu ya siku zote. Kumbe dawa ya kung'arisha ingetosha! Hata mwenye kuhitaji vinia hung'arisha kwanza, asubiri kama wiki mbili, ndipo achague rangi, maana vinia yenyewe haing'ariki.

Jino_Pembe: Pole sana, Tulizana. Nilisahau kusema: lenye shida ni jino moja, limegeuka kijivu tangu nilipoanguka na baiskeli. Daktari anataka 6 ili zifanane na azibe na mwanya. Halafu mke wangu anasema usiku nasaga meno kama kinu.

Msumari: Sasa hayo si ndiyo ungeanza nayo! Jino kugeuka kijivu baada ya kuanguka, huenda limekufa ndani. Lipigwe eksirei. Likishatibiwa mzizi, linaweza kung'arishwa kwa ndani na usiguse mengine. Na msaga meno kauri humeguka, usikubali kabla hujazungumzia kilinda meno cha usiku.

MamaPacha: Mwanya unauziba wa nini jamani? Wenzako wanautamani!

Bahari7: Mwenye mdomo kaamua, mama.

MamaPacha: Hajaamua yeye, kaamua daktari. Msome tena.

Bahari7: Mimi nasugua mkaa na meno yanang'aa, sijui mnateseka nini.

Tulizana: Mkaa unakwangua hiyohiyo enameli tunayoililia hapa. Endelea, tutakupokea.

Bahari7: Miaka 4 sasa, sijaona ubaya.

Fundi_Makini: Utauona kwenye maji baridi.

Jino_Pembe: Nimempigia. Eksirei Alhamisi, vinia tumesogeza mbele. Bado moyo uko kwenye kauri, lakini sita naona nyingi. Halafu hicho kilinda meno, mtu akikivaa anaweza kuongea?

Msumari: Kwani usiku unaongea na nani? Si umesema unasaga?