Faili za grafu hazifunguki ninapotumia funkisheni yangu katika R

Mwana wa Shela:
Assalamu alaykum. Ninatunza hesabu za samaki wanaoshushwa katika madiko ya Amu, Faza, Kizingitini na Kiwayu, na ili nisirudie kazi ile ile mara nne nimeandika katika R, lugha ya kompyuta ya takwimu, funkisheni (kikundi cha amri kinachoitwa kwa jina) inayofungua faili kwa pdf(), ikachora grafu ya diko husika kwa ggplot2 (kifurushi cha R cha kuchorea grafu), kisha ikafunga kwa dev.off(). Nikiandika mistari hiyo mmoja mmoja, grafu hutoka vizuri; nikiita funkisheni, R haitoi onyo lolote, ilhali faili hazifunguki. Jana, baada ya funkisheni kukwama kwenye data ya Kiwayu, hata grafu za kawaida ziliacha kuonekana kwenye skrini. Naomba mwongozo.

Mpiga Kafi:
Huenda folda unayohifadhia haipo.

Mwana wa Shela:
Ipo, ndugu yangu. Isingekuwapo, pdf() yenyewe ingelalamika.

Maalim wa Takwimu:
Una makosa mawili, na yasichanganywe. La kwanza, ggplot2 haichori papo hapo, bali huunda kitu ambacho R hukichora pale tu unapokiita moja kwa moja kwenye konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri. Ndani ya funkisheni yako hakichorwi, hivyo unafunga faili isiyo na hata ukurasa mmoja. Andika print(g), g ikiwa ni jina la grafu yako, kabla ya kufunga. plot() ya kawaida haina tabia hiyo, ndiyo maana wengi hunaswa hapa, na mimi nilipoteza siku nzima.

La pili, kosa likitokea katikati, dev.off() haifikiwi, faili hubaki wazi, na kila unachochora baadaye huingia humo badala ya kuja kwenye skrini. Funga vilivyoachwa wazi kwa graphics.off(), kisha weka on.exit(dev.off()) mara tu baada ya pdf(), na uiondoe ile dev.off() ya mwisho. Faili itafungwa hata funkisheni ikikatika njiani.

Mpiga Kafi:
Kwa nini asitumie ggsave(), amri ya ggplot2 ya kuhifadhi grafu, akapumzika?

Maalim wa Takwimu:
Aweza, mradi aitaje grafu kwa plot = g. Asipoitaja, ggsave() huchukua grafu ya mwisho, na ya Faza yaweza kuhifadhiwa kwa jina la Kizingitini. Vipimo vyake, asipotaja vingine, ni inchi. Akiandika 800 akidhani ni pikseli, itakataa.

Mwana wa Shela:
Ahsante sana, maalim. Faili tatu zimefunguka. Ya Kiwayu imekwama kwa sababu safu niliiandika «Tarehe» kwa herufi kubwa, na funkisheni inatafuta «tarehe». Naisahihisha sasa hivi.