Mchanga gani wafaa kwa mawe ya simiti ya tangi la samaki?

Tangi_Kisauni: Asalaam aleikum jamani. Nna tangi la lita 200 la maji ya bahari, nataka kulitengenezea mawe mwenyewe kwa simiti maana matumbawe ya baharini sitaki kuyagusa. Simiti ipo, nusu mfuko ilibaki tulipomjengea mama choo. Shida ni mchanga. Fundi aniambia nitumie ule wa mto wa kujengea, jirani asema huo una silika, yale madini ya mchanga, utaniletea mwani wa kahawia tangi zima, bora nichote ufuoni Bamburi ni bure. Nimsikize nani?

Bahari_Haizoeleki: Waaleikum salaam. Ufuoni usichote ndugu yangu. Mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari tangu 1986, KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wako pale, na kasa hutaga kwenye mchanga huohuo. Tena ni laini mno, jiwe latoka limeshikana kama sakafu na sisi twataka vitundu, ndimo wanamokaa bakteria wa kula amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Silika isikutishe, hicho kioo cha tangi lako kimetokana na mchanga wa silika na kila siku kimo majini. Mwani wa kahawia huja karibu kila tangi jipya, wakaa wiki kadhaa watoweka.

Cha kuogopa kwenye mchanga wa mto ni udongo. Ufikiche mkononi, kiganja kikibaki na tope rudi ukauoshe. Ama tia kwenye chupa na maji, tikisa, uache mpaka kesho uone tope limelala nene kiasi gani juu ya mchanga.

Mama_Kitatange: Mimi huchanganya nusu mchanga wa mto wa chembe kubwa, nusu makombe ya bahari yaliyosagwa, yale ya kulishia kuku ya agroveti. Yatie siki kidogo, yakitoa povu ujue ndiyo yenyewe. Kopo 1 la simiti kwa makopo 3 ya mchanganyiko, maji kidogo kidogo, ukifinya ushikane lakini usichuruzike. Chumvi ya mawe kopo 1 tia mwisho kabisa isije ikayeyuka mapema, baadaye itayeyuka yenyewe iache matundu. Na uvae glavu, simiti yachoma.

Tangi_Kisauni: Nshajaribu chupa, tope karibu kidole kizima 😟 nimeosha mara sita ndo maji yametakata. Sasa jiwe likikauka natia tangini siku ngapi?

Fundi_Pampu: Siku?? Kaka tafadhali usiharakishe. Mimi nililoweka wiki moja tu, nikaona jiwe gumu zuri nikatia, asubuhi samaki wanne wako juu wameelea, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Simiti mbichi hutoa chokaa, pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji, yafika 12 na zaidi, na samaki wa bahari wataka 8.1 mpaka 8.4. Loweka kwenye pipa la maji matamu wiki 6, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu, utaona utando mweupe juu, hiyo ndo chokaa yatoka. Mwisho weka jiwe kwenye ndoo ya maji mapya siku mbili upime pH, ikizidi 8.5 lirudishe pipani.

Tangi_Kisauni: Shukran sana, pole kwa samaki wako. Pipa naazima leo.